Tunamcheka Jasusi, au Tunamcheka Anayechunguzwa?

Kuna utani nilioutoa siku moja, watu wakacheka, nikajisikia mjanja. Wiki tatu baadaye utani uleule ulinirudia nikatamani ardhi ipasuke. Makala hii imetoka kati ya siku hizo mbili.

Siku ya kwanza nilikuwa Kariakoo, kwenye meza ya rafiki yangu ambaye ni fundi simu. Mimi kazi yangu ni kompyuta za ofisini, lakini Jumamosi napenda kwenda kukaa pale kwake. Stori ni nyingi na chai haikosekani. Tulikuwa watu watano au sita, wote wa mambo ya teknolojia kwa namna moja au nyingine: mmoja anauza vifaa vya mtandao, mwingine anafunga kamera za ulinzi, mwingine mwanafunzi wa chuo. Akaja dada mmoja, akasimama pembeni mpaka tuliponyamaza, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

"Fundi, samahani. Naona kama simu yangu inanichongea."

Fundi akamuuliza inamchongea vipi.

"Mume wangu anajua nilipo hata nisipomwambia. Juzi nimepita kwa mama yangu mdogo, sijamwambia mtu. Jioni ananiuliza, mama mdogo hajambo?"

Basi mimi nikadakia. "Dada, kumbe umeolewa na Johnny English!" Yule wa kamera akaongeza: "Kagua viatu vya shemeji, huenda anapiga simu kwa soli." Meza nzima ikacheka. Dada naye akacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana mshamba. Akasema, "Labda ni wasiwasi wangu tu." Akarudisha simu kwenye mkoba na kuondoka. Fundi hata hakuigusa.

Kwa msomaji asiyezijua filamu hizi, nieleze kidogo, maana ndizo lugha yetu sisi watu wa teknolojia. Johnny English ni jasusi wa Uingereza anayeigizwa na Rowan Atkinson, yule ambaye wengi wetu tunamwita Mista Bini mpaka leo. Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 2003. Mimi niliiona kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akizungumza juu ya sauti za waigizaji na kuongeza maneno ambayo hakuna mwigizaji aliyeyasema. Johnny anaruka kwa mwavuli usiku kwenda kuvamia jengo la adui, anatua kwenye jengo la jirani linalofanana nalo, ambalo ni hospitali, na anawaelekezea bastola madaktari akijiona ameshinda. Kile kibanda kilicheka mpaka mwenye nacho akaja kuangalia kama kuna ugomvi.

Simu ya kiatuni ni ya zamani zaidi. Inatoka kwenye Get Smart, mfululizo wa runinga wa Marekani ulioundwa na Mel Brooks na Buck Henry, ukaonyeshwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1970, na mwaka 2008 ukatengenezewa filamu. Jasusi wake, Maxwell Smart, akitaka kupiga simu anavua kiatu. Humo pia kuna kifaa maarufu, kuba la plastiki linaloshushwa juu ya vichwa vya watu wawili wakitaka kuongea siri. Kazi yake ni kuzuia sauti isitoke nje. Matokeo yake ni kwamba wale wawili waliomo ndani hawasikilizani kabisa.

Ukikaa na watu wa kompyuta utayasikia haya kila wakati. Ofisi ikiweka masharti ya nywila mpaka wafanyakazi wanaziandika kwenye karatasi na kuzibandika ukutani, mtu atasema, "Haya, kuba limeshushwa." Kampuni ikitangaza saa inayopokea simu, mwingine atauliza kiatu kinatoka lini. Mtu mmoja tajiri wa teknolojia akionekana na mpango wa kuitawala dunia, atapewa jina la Dr. Evil. Neno moja linatosha, na wote mnajua mnaongelea nini. Ni raha, sitaki kusema uongo. Ni kama methali: inabeba hoja nzima kwa pumzi moja.

Swali langu ni hili: utani wa namna hii unamfanyia nini yule mtu ambaye kweli anachunguzwa? Na je, anayeutoa ana deni lolote kwake?

Nianze kwa kuwatetea watani, maana mimi ni mmoja wao. Filamu hizi hazikutungwa ili kuuficha ujasusi. Zilitungwa kuuvua nguo. Jasusi wa kwenye filamu za kawaida ni mtu asiyekosea: anajua kila kitu, ana kila kifaa, na hata risasi zinamwogopa. Filamu za vichekesho zinasema hapana, huyu ni mtumishi wa umma kama wengine, ana bosi, anakosea anwani, na kifaa chake kimeharibika. Kwa mwananchi huo ni ukombozi fulani. Ukishamcheka mtu, ni vigumu tena kumwabudu.

Tena historia ya kweli inawaunga mkono watungaji. Mwaka 1945, watoto wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow, Averell Harriman, zawadi ya nembo ya taifa lake iliyochongwa kwenye mbao. Nembo ikatundikwa katika makazi ya balozi. Ndani yake kulikuwa na kinasa sauti kilichobuniwa na Lev Theremin, kisicho na betri wala waya, kilichoamka pale tu kilipomulikwa na mawimbi ya redio kutoka nje. Kiligunduliwa mwaka 1952. Miaka saba Wamarekani waliisikilizisha mbao yao wenyewe. Nao hawakuwa na cha kujivunia sana: miaka ya 1960 CIA ilijaribu kumfanya paka awe kinasa sauti, kwa kumpandikizia maikrofoni na mtambo wa redio mwilini ili akae karibu na watu wanaozungumza. Mradi ulikufa, kwa sababu paka ni paka, haendi unakotaka aende. Kama Mel Brooks angeyaandika hayo, tungesema amezidisha chumvi.

Kwa hiyo ujasusi unachekesha kweli. Shida ninayoiona ni kwamba tumechukua kicheko kilichokuwa kinamlenga mpelelezi, tukakigeuza kimlenge anayepelelezwa, na hatukugundua kwamba tumekigeuza.

Angalia mfano mdogo. Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na katibu muhtasi, mama wa makamo, aliyebandika kipande cha plasta juu ya kamera ya kompyuta yake. Tulimwita jasusi. Kila tukipita: "Shikamoo, Bi James Bond." Mama wa watu akabandua plasta yake. Halafu Juni 2016 ikasambaa picha ya Mark Zuckerberg akisherehekea Instagram kufikisha watumiaji milioni 500, na nyuma yake mezani kompyuta yake inaonekana imezibwa kamera kwa utepe. Mwaka huohuo James Comey, aliyekuwa mkurugenzi wa FBI, alisema hadharani kwamba naye anaziba ya kwake. Ghafla plasta ikawa busara. Tulimcheka mama kwa jambo lilelile ambalo wakubwa wa dunia walikuwa wanalifanya kimya kimya. Na sikumbuki kama kuna mtu alirudi kumwambia, mama, utuwie radhi.

Mfano mkubwa ni huu. Juni 2013 Edward Snowden alitoa nyaraka za shirika la Marekani la NSA. Mei 2014, chombo cha habari cha The Intercept, kwa kutumia nyaraka hizo, kiliandika kwamba NSA ilikuwa inakusanya kumbukumbu za simu za nchi kadhaa, na Kenya ilikuwa mojawapo: nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea kwa muda gani. Nakumbuka siku hizo. Jirani zetu kabisa hawa, ndugu zetu wako huko, tunapigiana kila wiki. Sisi tulifanya nini? Tulitaniana kwamba kuna Mmarekani mmoja kule anajifunza Kiswahili kwa kusikiliza shangazi akilalamikia bei ya unga. Ni utani mzuri, bado nacheka nikiukumbuka. Lakini baada ya utani huo hakuna aliyeuliza swali la pili. Utani ulikuwa kama stakabadhi: tumeshapokea habari, tumeshaishughulikia, tuendelee.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kicheko kinaweza kufanya kazi ya ridhaa. Hakuna aliyetuuliza kama tunakubali kusikilizwa. Tulicheka tu, na ukimya uliofuata ukahesabiwa kuwa ndiyo.

Turudi kwa Johnny English, maana kuna kipande kinachonihukumu. Katika filamu ya tatu, ya mwaka 2018, mdukuzi ameanika majina ya majasusi wote wa Uingereza, waziri mkuu anataka kumkabidhi tajiri kijana wa teknolojia mambo ya nchi, na Johnny anarudishwa kazini kwa sababu yeye ni wa enzi za kale, hana hata simu janja. Wanamvalisha miwani ya uhalisia wa kubuni ili afanye mazoezi ya kuvamia jumba la adui akiwa palepale chumbani. Johnny anatoka nje ya chumba bila kujua. Anatembea mitaa ya London amevaa miwani, anaona maadui, anawapiga. Wale anaowapiga ni watu wa kawaida walio kwenye shughuli zao.

Nilikichekea kipande hicho mara mbili tatu. Ile Jumamosi ya pili ndipo nilipoelewa kwamba pale kwenye meza ya Kariakoo miwani tulikuwa tumevaa sisi. Mtu halisi alisimama mbele yetu na jambo halisi, sisi tukawa tunaona filamu. Yeye alikuwa barabarani, sisi tulikuwa mazoezini.

Kuna mtunzi mmoja aliyeliona hili mapema kuliko wote. Graham Greene alifanya kazi na ujasusi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha mwaka 1958 akaandika riwaya ya kuuchekesha ulimwengu huo, Our Man in Havana. Mwaka uliofuata Carol Reed aliigeuza filamu, Alec Guinness akiwa mhusika mkuu. Wormold ni Mwingereza anayeuza mashine za kufyonza vumbi mjini Havana. Ana binti mwenye matumizi makubwa na mfuko mdogo. Ujasusi wa nchi yake unamwajiri, naye kwa kuwa hana siri yoyote ya kuuza, anazitunga. Anachukua majina ya watu na kuwafanya wapelelezi wake hewa. Anachora vipuri vya mashine ya kufyonza vumbi na kuvituma London kama michoro ya silaha ya siri iliyoko milimani. London wanaamini. Mpaka hapo unashika mbavu.

Halafu mtu mmoja kati ya wale hewa anakufa kweli. Upande wa pili nao umeamini uongo wa Wormold, umeanza kuwawinda watu wenye majina hayo. Rafiki yake wa karibu anauawa. Hakuna kilichobadilika kwenye mzaha wenyewe. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunamwona anayeulipia.

Na msidhani hayo ni ya riwaya tu. Ripoti ya Chilcot kuhusu vita vya Iraki, iliyotolewa Uingereza mwaka 2016, inaeleza kwamba kulikuwa na taarifa ya kijasusi iliyosema silaha za kemikali za Iraki zimewekwa kwenye vyombo vya kioo. Baadaye ikabainishwa kwamba vioo havitumiki kwa kawaida kwenye silaha za aina hiyo, na kwamba filamu moja maarufu, The Rock, iliwahi kuonyesha jambo la namna hiyohiyo kimakosa. Ukiisoma peke yake inachekesha kuliko Wormold. Ukikumbuka vita vyenyewe, unanyamaza.

Sasa hapa kuna rafiki yangu mmoja, msomaji mzuri wa vitabu, ambaye nilimweleza haya akanipinga vikali. Alisema: "Wewe unataka watu waache kucheka. Mnyonge ana silaha gani nyingine? Mbona wanaotawaliwa kwa mabavu kila mahali ndio wenye vichekesho vikali kuliko wote? Ukiwanyima kicheko unamsaidia mpelelezi." Nilikaa na hoja yake siku kadhaa, kwa sababu ina ukweli. Mtu anayecheka huku akijua ametegwa hajaridhia kutegwa. Anavuta pumzi.

Jibu nililipata msibani.

Tulimzika baba mkubwa, na watani wakaja. Kwetu huku utani una sheria zake, hata kama hazijaandikwa. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, wana utani wa tangu enzi za misafara, na makabila mengine yana wa kwao. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Siku hiyo mmoja alivaa koti la marehemu, akawa anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai madeni yake kwa watu waliokaa kwenye mkeka. Mama mkubwa, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka mpaka machozi ya kulia yakachanganyika na ya kucheka. Alipomaliza kucheka akaomba uji.

Sasa yule mtani alipovua koti alifanya nini? Alishika jembe. Wale wale waliotuchekesha ndio waliokuwa makaburini kabla ya jua kuwa kali, ndio waliochota maji na kukoka moto. Hicho ndicho kilichonipa jibu. Mtani ana haki ya kumtania mfiwa kwa sababu amebeba sehemu ya msiba. Angekuja mtu wa njiani, asiye mtani wala jirani, akavaa koti la marehemu, akachekesha, kisha akapanda bodaboda akaondoka, angepigwa. Maneno yangekuwa yaleyale, koti lilelile, kikohozi kilekile. Tofauti ingekuwa jembe.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kucheka. Namwuliza, na najiuliza, jembe liko wapi?

Kuna utani wa kijasusi ambao unalo jembe. Chukua huyu Dr. Evil. Katika filamu ya Austin Powers ya mwaka 1997, iliyoandikwa na kuigizwa na Mike Myers, jambazi huyu amegandishwa kwenye barafu tangu mwaka 1967. Anaamshwa miaka 30 baadaye, anatishia kuiangamiza dunia, anadai alipwe dola milioni moja. Wasaidizi wake wanatazamana kwa aibu. Bosi hajui kwamba pesa hiyo siku hizi si kitu. Kampuni yake mwenyewe inaingiza mabilioni kwa mwaka.

Mwaka 2018, baada ya kashfa ya Cambridge Analytica, mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza Facebook faini ya pauni 500,000. Ndiyo ilikuwa faini ya juu kabisa chini ya sheria ya zamani. Watu wa teknolojia wakamrudisha Dr. Evil kazini, kidole mdomoni, akidai pauni laki tano. Mwaka uliofuata Marekani ikatoza dola bilioni 5, na hata hiyo iliikuta kampuni ambayo mapato yake ya mwaka huo yalipita bilioni 70. Utani huu mimi nauheshimu. Unafundisha hesabu. Ukishacheka unabaki na swali: faini ya kiasi gani ingeuma? Na kwa sisi wa Afrika Mashariki swali lina uzito wake, kwa sababu Machi 2018 viongozi wa Cambridge Analytica walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 wakijisifu kazi walizofanya kwenye kampeni za uchaguzi wa Kenya, mwaka 2013 na 2017. Hapa kicheko kinapanda juu, kwa mwenye nguvu, na kinamwachia mcheka kazi ya kufanya.

Wangu mimi ulishuka chini, kwa mwenye shida, ukamwondolea fundi kazi aliyokuwa ameombwa.

Nimalizie ya Jumamosi ya pili.

Wiki tatu zilipita. Tulikuwa palepale, watu walewale karibu wote. Dada akarudi. Safari hii hakusimama pembeni, alikuja moja kwa moja na kuiweka simu mezani. Kioo kilikuwa kimepasuka kutoka kona moja hadi nyingine. Hakusema kilipasukaje, na hakuna aliyeuliza.

"Fundi, kioo sitaki utengeneze. Nataka uniangalizie lile jambo."

Hakuna aliyecheka. Fundi aliishika simu kwa heshima kama daktari. Alifungua orodha ya programu zote, si zile zenye picha kwenye kioo tu, kisha orodha ya programu zenye ruhusa ya mahali ulipo, ya maikrofoni, ya kusoma ujumbe, na zile zilizopewa usimamizi wa kifaa. Ilikuwepo. Ina jina la kujifanya sehemu ya mfumo wa simu, haina picha yoyote ya kubonyeza, na ina ruhusa zote nilizozitaja. Programu za namna hii hazihitaji jasusi wala setilaiti. Zinahitaji mtu anayejua nywila yako na dakika chache wewe ukiwa unaoga. Kazi ya kuitafuta ilichukua muda usiofika dakika kumi. Dakika kumi hizo tulikuwa nazo wiki tatu nyuma, tukazitumia kwa Mista Bini.

Fundi akasema, "Naifuta sasa hivi." Nikamshika mkono. Nilikuwa nimeshasoma kuhusu mambo haya, kwa aibu, baada ya kukosa amani ile wiki ya kwanza. Ukiifuta, anayepokea taarifa ataona kimya, na mtu aliyezoea kuona kila kitu akiona kimya anaweza kufanya lolote. Nikamwambia, "Dada, tunaweza kuitoa leo. Ila akijua umeitoa, jioni utakuwa salama?"

Akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Usiiguse."

Akauliza bei ya kitochi, zile simu ndogo za batani. Fundi akampa moja kwenye droo, hakuchukua hela. Yule wa kamera, aliyesema habari za viatu, akatoa nauli bila kuambiwa. Nami nikamwomba radhi mbele ya wote. Alinijibu kwa kutikisa kichwa tu, hakuniambia nimesamehewa, na sikuwa na haki ya kumdai hilo.

Siku sita baadaye simu ya fundi ililia, namba ngeni. Fundi akaweka sauti ya nje. Alikuwa dada, yuko kwa kaka yake, mkoa ambao sitautaja. Ameniruhusu kuandika haya na nimebadilisha machache ili asitambulike. Alitushukuru, akamsalimia kila mmoja, kisha akauliza, "Na yule kaka wa Johnny English yupo?"

Nikasema nipo.

"Ile simu nimeiacha nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Imechomekwa chaji. Shemeji yenu mpaka saa hii anajua nipo jikoni napika."

Akacheka. Tulisubiri kwanza, kidogo tu, tuhakikishe ni kicheko. Halafu na sisi tukacheka.